Kilo Tatu za Newala

Wanangu mnaopiga ngumi, na ninyi mnaowashika taulo wanaopiga ngumi, leo naanza na hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Juzi vijana wawili wa mazoezi walipita barazani kwangu hapa Masasi kunisalimu. Shikamoo mzee, marahaba, karibuni. Mmoja midomo imepasuka, macho yameingia ndani, anatema mate kwenye chupa tupu kama mzee wa ugoro. Nikamuuliza anaumwa nini. Akacheka. Akasema haumwi, anakausha, keshokutwa anapima uzito. Mwenzake akanitolea simu anionyeshe picha zake akiwa amejifungia chumbani na makoti, na chini ya picha watu wamemwandikia pongezi. Mtu anajigeuza samaki ng'onda mchana kweupe na rafiki zake wanampongeza. Nikamwomba mke wangu alete maji. Kijana akanyoosha mkono kuyazuia, kwa adabu kabisa, akasema asante bibi, siruhusiwi.

Siruhusiwi. Nani kakukataza, mwanangu? Mwalimu wako? Nileteeni huyo mwalimu nimpime mimi.

Kwa wasionijua: mimi ni Baba Siwema, nimefundisha ngumi Masasi mpaka magoti yaliponikatalia kuinama kwenye kona ya ulingo. Mchana nilikuwa nauza mitumba sokoni, jioni nafundisha. Kazi hizi mbili zinafanana kuliko mnavyodhani. Zote zinataka mtu anayegeuza nguo aangalie mshono wa ndani, asiyekubali bei ya kwanza, na anayehesabu kila kitu mara mbili. Mimi hata chenji ya kaka yangu wa tumbo moja naihesabu mara mbili, ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa usalama. Nikapata na faida ambayo walimu wengine hawakuwa nayo: kwenye kila robota la mitumba kulikuwa na makoti mazito ya baridi ya Ulaya, na mtu wa Masasi hanunui koti la namna hiyo hata umfukuze nalo. Waliokuwa wakiyanunua ni mabondia peke yao, wakimbie nayo watoke jasho. Niliyauza sana. Baadaye nikaacha kuyauza, na mtaona kwa nini.

Kukausha mwili si jambo lenu jipya. Tulilikuta. Tofauti ni kwamba sisi tulilifanya kwa ujinga na ninyi mnalifanya kwa kiburi.

Kuna mwalimu mmoja wa Tandahimba, simtaji jina kwa sababu bado tunasalimiana, aliyewahi kunichekesha na kunisikitisha siku moja. Bondia wake alikuwa amezidi kilo moja. Makoti hakuwa nayo. Akaangalia alichonacho nyumbani, akaona mifuko ya nailoni inayokuwa ndani ya magunia ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Akamvisha kijana mifuko miwili, mmoja mwilini, mmoja miguuni, akamfunga kamba kiunoni, akamwambia kimbia. Mfuko haukuoshwa. Mkulima gani anaosha mfuko wa salfa? Jasho likakutana na salfa. Kijana alipofika kwenye mizani kilo ilikuwa imetoka kweli, lakini macho yamevimba yote mawili, ngozi nyekundu, ananuka kama ghala. Mwamuzi akamtazama, akauliza pambano limeshafanyika lini.

Wapo na wale waliokosea upande wa pili. Nilipata kijana mwembamba aliyepungukiwa uzito, naye kwa kuogopa kurudishwa nyumbani akajaza korosho mbichi kwenye soksi. Alipopanda mizani tukasikia anakwaruza. Huyo nilimhurumia. Alikuwa anajiongezea, angalau.

Kutokana na hayo nikajiwekea utaratibu, na huu uandikeni. Kwanza, mizani haiaminiki kwa sura. Tafuta mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, uweke juu yake, usome. Ukikosa saruji, basi jua uzito wako mwenyewe kwa mizani ya hospitali, na uwe wa kwanza kupanda. Pili, mabondia wote wawili wanapimwa kwenye mizani moja, wakati mmoja, pande zote mbili zikitazama. Mkulima hakubali gunia lake lipimwe yeye akiwa sokoni, kwa nini wewe ukubali mpinzani wako apimwe ukiwa njiani? Tatu, aliyezidi hupewa saa moja ajirekebishe, na saa hiyo ndiyo inayoua. Mshike mkono bondia wako, vuta ngozi ya juu ya kiganja, iachie. Ikirudi taratibu, muda wa kuvua glovu umefika.

Sasa niwaambie nilikojifunzia hilo la pili.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Chama cha ushirika, kilichokuwa mnunuzi pekee wa korosho, kilikuwa kimeshalegea, wanunuzi binafsi wakamwagika juu ya mlima wa Newala na magari yao. Wananunua korosho kwa mkono huu, kwa mkono ule wanauza mchele, sukari, mabati na redio. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona mnunuzi akimbembeleza mkulima, maana mkulima sasa aliweza kuvuka barabara na gunia lake akamuuzia jirani. Kwa hiyo kila mnunuzi alitafuta cha kuwavutia watu uani kwake. Mmoja alileta video. Mwingine akaleta ngoma. Bwana Chilumba wa Newala akaleta ngumi.

Chilumba alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayekushika mkono kwa mikono yake miwili ili usijue upi unafanya hesabu. Alikuwa na bondia wake, Bonifasi, mtoto wa mwalimu wa shule kutoka mtaa wa misheni, kijana mpana wa mabega na mkimya. Akatafuta mtu wa kupigana naye, akasikia habari za Ausi wangu.

Ausi alikuwa kijana wa Lisekese, mtoto wa kwanza wa mama yake. Mama Ausi alilima mihogo, na mihogo ile ilifika soko la Masasi juu ya kichwa cha Ausi. Alikuwa na shingo ya namna ambayo ngumi ikimfika kidevuni haendi popote, lakini shingo ile ilikuwa inachoka. Chilumba akatangaza zawadi: baiskeli mpya, yenye kiti cha nyuma cha chuma cha kubebea mzigo. Ausi alipoisikia hakuuliza tena mpinzani ni nani. Kwa wengine ilikuwa zawadi ya ngumi. Kwake ilikuwa ni kuacha kubeba mihogo kichwani.

Tukakubaliana kilo sitini. Siku moja kabla ya safari nikampeleka hospitali ya Mkomaindo kwa nesi mmoja tuliyeheshimiana, nikaomba mizani ya hospitali. Sitini kasoro kidogo. Nikamwambia ashuke, apande tena. Ile ile. Nikapanda na mimi, sabini. Nikashuka, nikapanda tena. Nesi akaniuliza kama nadhani mizani yake inasema uongo. Nikamwambia hapana dada, mimi hata rakaa nahesabu kwa vidole.

Kesho yake jioni tukafika Newala, tukafikia kwa Bibi Esha, shangazi yake mke wangu. Ninyi mliozaliwa bomba zikiwa uani hamwezi kujua maji ya Newala ya wakati ule yalikuwa nini. Yalipanda kutoka bondeni, na mashine ya kusukuma ikiharibika yalipanda juu ya vichwa vya akina mama, na ile njia ukiiangalia kwa juu unaona kizunguzungu. Kwa hiyo mgeni alipofika alipewa kata ya maji kabla ya kiti. Hiyo ndiyo heshima. Kuku alikuja baadaye, na kuku hakuwa na uzito wa ile kata.

Bibi Esha akampa Ausi kata kwa mikono miwili. Ausi akaigusisha midomoni, akairudisha. Nilikuwa nimeshamwambia njiani kwamba ana nafasi, anywe nusu kata, hakuna kitakachoharibika. Lakini baiskeli ilikuwa imeshamwingia kichwani, akaona kila tone lina magurudumu mawili. Bibi akachungulia ndani ya kata. Imejaa vilevile.

"Mjukuu wangu," akasema, "maji yangu yana nini?"

Nikaanza kumweleza habari za mizani na kilo, kwamba kijana anaogopa kuzidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akayamimina maji mtungini polepole, lisidondoke hata tone.

"Sisi hapa tunaanika nguo na mihogo," akasema. "Watu hatujaanza."

Na hakutusemesha tena mpaka asubuhi. Nilijaribu kumbembeleza kwa khanga niliyokuwa nayo kwenye mfuko. Akaipokea. Kutusemesha hakutusemesha.

Asubuhi tukaenda kwenye uwanja wa ghala la Chilumba. Watu walikuwa wamejaa, wengi wao wakulima waliokuja na magunia ya korosho kuuza, wasubiri na ngumi hapo hapo. Ulingo ulikuwa umefungwa katikati, baiskeli imening'inizwa kwenye nguzo ya baraza watu waione. Chilumba akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia Bonifasi ameshapimwa, yuko sawa, amebaki wangu. Nikamwambia hilo halifai, nataka nimuone kwenye mizani. Akasema nitamuona, nisiwe na haraka, tumalize kwanza na mgeni.

Mizani aliyotupa ilikuwa karibu na mlango wa duka lake, zile za chuma zenye ubao chini wa kuwekea gunia na mkono juu wa kusogeza jiwe. Ausi akavua nguo, akabaki na bukta, akapanda. Karani akasogeza jiwe. Sitini na tatu.

Nikamwambia karani asome tena. Sitini na tatu. Nikamwambia Ausi ashuke, apande. Sitini na tatu. Mtu aliyekuwa sitini kasoro, aliyekataa maji jioni, asiyekula asubuhi, ameamka na kilo tatu za ziada. Nikamuuliza Chilumba zimetoka wapi.

"Baba Siwema," akaniambia kwa ile sauti yake, "ninyi mnatoka chini. Hapa juu mlimani vitu vinakuwa vizito. Hata mchele wangu naununua Masasi, ukifika hapa unaongezeka."

Nikamwambia naamini, nimeuona ukiongezeka.

Waliosikia wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akatupa ile saa moja ya kanuni. Mimi nikabaki nabishana naye, nadai mfuko wa saruji niijaribu mizani. Akasema saruji yote imeuzwa. Nilipogeuka kumwambia Ausi asifanye lolote mpaka nimalize, Ausi hayupo. Alikuwa amefungua begi langu, amechukua makoti mawili niliyobeba ya kuuza, amejiingiza ghalani kule nyuma, chini ya mabati, katikati ya magunia, anarukaruka. Nikamfuata, nikamwambia vua. Akanijibu bila kusimama kwamba mimi nibishane, ndiyo kazi yangu, na yeye atoke jasho, ndiyo kazi yake, mmoja wetu atafanikiwa.

Nikarudi mbio kwenye mizani. Saruji hakuna, basi mimi mwenyewe. Nikavua viatu, nikapanda. Sabini na tatu. Nilikuwa nimekula ugali wa Bibi Esha aliyekasirika, na bibi aliyekasirika hapakui kilo tatu.

Nikasema sasa nataka Bonifasi apimwe mbele yangu, hapa. Chilumba akasema hapa haiwezekani, wateja wa mchele wanasubiri, atapimiwa kule. Kule ni upande wa pili wa uwanja, kwenye mizani nyingine kama hii, rangi ile ile, ambapo wakulima walikuwa wamepanga foleni na korosho zao. Wakaombwa wapishe. Bonifasi akapanda. Hamsini na tisa.

Mimi nauza nguo, wanangu. Nikimtazama mtu najua shati lake. Bonifasi alikuwa anavaa shati kubwa kuliko la Ausi kwa namba nzima. Nikaomba nafasi, nikapanda hapo alipotoka. Sitini na saba.

Nikashuka, nikavuka uwanja, nikapanda ile ya dukani. Sabini na tatu. Nikarudi, nikapanda ya korosho. Sitini na saba. Watu wakaanza kunifuata kwa macho, huku na huku. Nikasimama katikati, nikawaambia nimepungua kilo sita kwa kuvuka uwanja, na kama kuna mwenye kitambi ajaribu, dawa ni bure.

Wakacheka. Chilumba hakucheka sana. Akasema mimi mfanyabiashara wa sokoni, najua namna ya kukanyaga mizani, naegemea. Wengine wakaanza kumwamini, kwa sababu ni kweli mimi ni mfanyabiashara wa sokoni. Hapo ningeweza kushindwa. Mgeni mmoja wa Masasi, kelele, dhidi ya mwenye ghala, mwenye gari na mwenye mchele.

Aliyemaliza maneno ni Bonifasi. Hakuna aliyemwita. Alitoka pale alipokuwa, na bukta yake, akavuka uwanja taratibu, akapanda mizani ya mchele. Chilumba akamwambia shuka. Hakushuka. Karani akasita, Bonifasi akanyoosha mkono akasogeza jiwe mwenyewe, mpaka mkono wa mizani ukatulia. Sitini na tano.

"Bosi," akasema, "hata mimi nimezidi."

Watu wakaisogelea mizani. Mimi nilidhani wanasogea kwa ajili ya ngumi. Kumbe. Palikuwa na mama mmoja mbele kabisa ya foleni ya korosho, amekaa juu ya gunia lake, na hakupaza sauti hata kidogo.

"Kwa hiyo gunia langu la jana," akauliza, "lilikuwa kilo ngapi?"

Naomba mlielewe vizuri lile swali, kwa sababu Chilumba alilielewa papo hapo, nikaona shingo yake inalowa. Mizani ya korosho ilikuwa ya kununulia, inapunguza. Mizani ya mchele ilikuwa ya kuuzia, inaongeza. Akisema ya mchele ndiyo ya kweli, basi kijana wake amezidi na wakulima wote wameibiwa korosho. Akisema ya korosho ndiyo ya kweli, basi walionunua mchele wameibiwa mchele, na wanunuzi wa mchele ni haohao wenye korosho. Alikuwa na mizani mbili muda wote na hakuna aliyewahi kuziona kama mbili, kwa sababu mtu anauza korosho kule, anachukua fedha, anakuja kununua mchele huku. Nani anapimwa pande zote mbili? Gunia halivuki uwanja. Yeye mwenyewe, kwa tamaa ya ngumi, ndiye aliyeleta mizigo yenye miguu.

Wakulima hawakupiga mtu. Walifanya jambo baya zaidi. Waliinua magunia yao ya korosho mmojammoja, wakavuka nayo uwanja, wakayapanga mbele ya mizani ya mchele, wakamwambia karani apime hapo.

Ningependa kuwaambia nilikaa nikafurahia. Ni jambo la kufurahisha sana, nimelisimulia sokoni mara nyingi na huwa nalimalizia hapo. Lakini huko ghalani kulikuwa na mtu anakauka.

Nilimkuta Ausi amekaa juu ya magunia, makoti bado mwilini. Alikuwa hatoki jasho. Wasiojua hufurahi wakiona hivyo, hudhani amepumzika. Jasho likikoma na mtu bado yuko kwenye joto, mwili umemaliza akiba, sasa unakula mtaji. Nikamvua yale makoti. Nikavuta ngozi ya juu ya kiganja chake, ikabaki imesimama kama mkunjo wa karatasi. Moyo wake niliuona shingoni unavyokwenda.

"Ngapi sasa?" akaniuliza.

Nikamweleza. Mizani zote mbili za uongo. Ulikuwa sitini toka juzi, ulikuwa sitini asubuhi, hukuwa umezidi hata chembe.

"Nimekauka bure, mwalimu?"

"Bure kabisa."

Ulimi wake ukawa unatafuta mate, hayapo. Kabla sijatoka kutafuta maji, Chilumba akaingia. Nje kelele zilikuwa zinapanda, na yeye alikuwa ameshapata wazo. Akasema vijana wapande ulingoni sasa hivi. Watu wakiona ngumi watasahau kilo. Uzito tuuache, kila mtu alivyo. Kisha akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya kutosha Ausi asikie, kwamba akishinda au akishindwa, baiskeli ni yake. Apande tu.

Nimepatana bei maisha yangu yote, na ile ndiyo bei nzuri kuliko zote nilizowahi kutajiwa. Niliikataa.

"Mwalimu," Ausi akasema, "nitasimama tu. Sitapiga hata ngumi. Nitasimama."

"Simama basi nione."

Alisimama. Magoti yakamrudisha kwenye gunia. Nikamwambia tena. Akajaribu tena, akashika bega langu, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Chilumba akasema atapata nguvu akisikia watu wanashangilia. Hapo ndipo nilipomjibu vibaya, na maneno yenyewe siyaandiki kwa kuwa mtawasomea watoto. Nitawaandikia maana yake. Ubongo umekaa kwenye maji yake. Mkaushe mtu halafu umpige kichwani, ubongo unagonga pande zote kama korosho kavu ndani ya ganda. Wengi mliosikia wamefia ulingoni kwa ngumi nyepesi, ngumi haikuwa nyepesi, kichwa ndicho kilikuwa kikavu. Yule bwana alitaka kununua nusu saa ya utulivu kwa kichwa cha mtoto wa Mama Ausi, akaongezea na baiskeli.

Nikambeba. Bonifasi akaja akashika upande wa pili bila kuombwa, tukatoka naye katikati ya uwanja. Nilitegemea watu watatupisha kwa huruma. Ninyi hamwajui watu waliokuja kutazama ngumi. Wale wale niliowafungulia macho kuhusu kilo zao wakanizomea. Wakasema Masasi wamekimbia. Mmoja akamwambia Ausi, kwenye sikio kabisa, kwamba anadekezwa na mwalimu wake kama bibi harusi. Ausi alisikia. Nilihisi kwenye bega.

Bibi Esha alituona tukija, hakuuliza. Alimlaza mkekani, akakoroga maji na chumvi kidogo na sukari, akampa kijiko kwa kijiko, kila akitapika anangoja kidogo anaanza upya. Mkojo wake wa kwanza, alipoupata, ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tukampeleka hospitali pale Newala akatundikiwa dripu, na daktari akanitazama kwa jicho ambalo sikustahili lakini nililipokea, maana aliyelistahili alikuwa amefunga ghala na kuondoka na gari. Baiskeli hakupewa Ausi wala Bonifasi. Msimu uliofuata nilimuona karani anaipanda.

Na hapa nirudi kwenu, kwa sababu nasikia mnasema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi mizani ni za umeme na kupimwa ni siku moja kabla. Nimeyasikia. Hiyo siku moja mliyopewa mnywe, mpumzike, mmeifanya nini? Zamani mtu alikausha kilo mbili kwa kuwa anapanda ulingoni jioni hiyohiyo, aliogopa. Ninyi mnakausha tano, sita, mnasema nitazirudisha usiku. Unazirudishaje? Tumbo linarudi, uso unarudi, kichwani hakurudi kwa usiku mmoja. Na mnafanya hivyo ili mkapigane na mtu mdogo kuliko ninyi, ambaye naye amekausha ili apigane na mdogo kuliko yeye. Mwisho mnakutana mko sawasawa kama mngekutana mmeshiba. Nani amefaidika? Chilumba alihitaji mizani mbili kuwaibia watu kilo zao. Ninyi mnajiibia kwa moja, tena nzima.

Walimu nao msijifiche nyuma ya kijana kwamba ametaka mwenyewe. Ausi alitaka mwenyewe. Kazi ya mwalimu ni nini basi, kubeba ndoo?

Ausi hakunisamehe. Nilimrudisha Lisekese mwenyewe, nikamkabidhi kwa mama yake, na Mama Ausi akaniambia alinipa mtoto mzima na nimemrudishia ganda. Nikakaa nikasikiliza mpaka alipomaliza, hakuna cha kupatana pale. Nilikuwa nakwenda kila baada ya siku chache kumuangalia. Anaitikia salamu, shikamoo, marahaba, basi. Alikuwa anabeba mihogo kama zamani, na njiani watu waliokuwa wamesikia habari za Newala walimuuliza kwa dhihaka kama mchumba wake, yaani mwalimu, hajambo.

Siku moja nimekaa pale uani, Ausi anakula ugali wa mihogo na kisamvu, akaja mgeni na pikipiki. Alijitambulisha kuwa anatoka Tandahimba, ametumwa na mnunuzi mmoja, kuna pambano wanaliandaa. Wamesikia Ausi ni mzuri. Zawadi akaitaja, ilikuwa nzuri. Tatizo dogo, akasema, mpinzani ni wa kilo hamsini na saba. Ausi atashuka tu kidogo, vijana wa siku hizi wanashuka, wiki mbili zinatosha.

Mama Ausi akaacha kupepeta. Mimi sikuwa na haki tena ya kusema, kijana alikuwa hanihesabu kuwa mwalimu wake. Ausi akamega tonge, kubwa, akalichovya kwenye kisamvu, akalitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Mgeni akangoja. Akameza. Akamuonyesha mama yake bakuli, kwamba aongezwe.

Halafu akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu Newala.

"Mwalimu," akasema, "mjibu wewe. Mimi nakula."

Nikavuta kigoda, nikamkaribisha mgeni kwenye mkeka, nikamwambia tuanze na kilo. Mengine ni rahisi.